Kusoma Biblia na Kusali Kila Siku: Neno kwa Vijana

Leo twataka kuzungumza nanyi, hasa ninyi vijana, juu ya jambo ambalo Wakristo wote hulisifu na wachache hulitenda. Jambo lenyewe ni kusoma Biblia na kusali kila siku.

Hapa kwetu Mbulumbulu, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, asubuhi huanza kwa baridi na ukungu. Kabla ukungu haujainuka katika msitu wa upande wa Ngorongoro, mtu amekwisha kuingia zizini kukama. Hatujapata kumwona mwenye ng'ombe asemaye, "Juma hili sitakama mpaka Jumapili, lakini siku hiyo nitakama sana." Ng'ombe asiyekamwa huvimba kiwele, na kisha maziwa yake hukauka. Hayo kila mtoto wa mkulima ayajua. Lakini katika mambo ya roho wengi wetu tu wakamaji wa Jumapili tu, nasi twashangaa kuona maziwa yamekauka.

Tena twaona jambo hili mwaka baada ya mwaka. Vijana hufundishwa kwa ajili ya kipaimara. Hujifunza Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana, husoma mafungu waliyopewa, na mwalimu huwauliza. Siku ikifika huvaa nguo nzuri, wazazi hufurahi, chakula hupikwa. Baada ya hapo hakuna tena mtu wa kuwauliza. Mwingine huenda shule ya mbali, mwingine huenda Karatu au Arusha kutafuta kazi. Na Biblia ile aliyopewa siku ya sherehe hubaki sandukuni chini ya nguo.

Sisi tunaowaandikia haya ni walimu, wala hatusemi kama watu wasiopata kuanguka. Tulisomeshwa katika shule ya bweni ya misheni. Kila siku alfajiri kengele ililia. Tuliamka, tukanawa maji ya baridi, tukaingia katika sala, tukasikia fungu likisomwa. Jioni kengele ililia tena, tukasali tena. Tulipokwenda chuo cha ualimu desturi ilikuwa ile ile. Miaka mingi ilipita hivyo, nasi tulijidhania kuwa watu wa sala.

Kisha tulipewa kazi katika shule ndogo, nasi tukakaa peke yetu katika nyumba ya mwalimu. Juma la kwanza tulisoma. Juma la pili tulichoka kwa kusahihisha madaftari. Juma la tatu Biblia ilikuwa na vumbi. Miezi ikapita, hata usiku mmoja tukaitwa kwa jirani, mzee mgonjwa sana. Jamaa zake walisema, "Mwalimu, tusomee, utuombee." Tulifungua kitabu, tukakipekua huku na huku, tusione pa kusoma. Tulianza kuomba, yakatutoka maneno machache ya sala za shuleni, kisha tukanyamaza. Ndipo mzee mwenyewe, asiyejua kusoma hata herufi moja, alipoinua sauti yake dhaifu akatuombea sisi sote kwa lugha ya nyumbani, mmoja mmoja kwa jina lake.

Tulirudi nyumbani kwa aibu. Usiku ule tulifahamu ya kuwa miaka yote ile si sisi tuliokuwa tukisali. Kengele ndiyo iliyokuwa ikisali.

Basi, kijana afanyeje ili asisali kwa nguvu ya kengele ya watu wengine, bali awe na kengele yake mwenyewe? Hili ndilo neno la leo.

Kwanza tutazame vijana waliotutangulia. Katika nchi ya Buganda wamisionari wa kwanza wa CMS walifika mwaka 1877, na mapadre wa White Fathers wakafika mwaka 1879. Watu waliojifunza kwao hawakuitwa kwanza Wakristo. Waliitwa "abasomi", yaani wasomaji. Wengi walikuwa vijana wa nyumba ya Kabaka. Mwaka 1882 mapadre waliondoka Buganda wakaenda Bukumbi, kusini mwa ziwa, wala hawakurudi mpaka mwaka 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu wanafunzi wao walikaa bila padre. Je, walitawanyika? La. Waliendelea kusali na kufundishana wao kwa wao, na mapadre waliporudi walikuta waamini wameongezeka. Nusu ya mwaka 1886 haijatimia, Kabaka Mwanga aliwaua wengi wao, wa Kikatoliki na wa Kianglikana. Tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa moto Namugongo, na mmoja wao, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama 14 tu. Vijana wale hawakupata nguvu zao siku ile ya moto. Walikuwa wamekwisha kuziweka akiba, siku kwa siku, wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuwapigia kengele.

Sasa tuseme habari ya njia. Tumechunguza watu walioidumisha desturi hii, nasi tumeona ya kuwa wameshika mambo manne: saa, mahali, fungu na mwenzi.

Jambo la kwanza ni saa. Asemaye "Nitasoma nikipata nafasi" hatasoma, maana nafasi haiji. Funga kusoma kwako katika kazi ambayo huiachi kamwe. Ikiwa wewe hukama, soma mara tu umalizapo kukama, kabla hujala. Ikiwa huteka maji, soma kabla ya kushika ndoo. Kazi ile itakuwa kengele yako. Danieli alisali mara tatu kila siku katika chumba chake, na hata mfalme alipopiga marufuku hakubadili desturi yake, kama tusomavyo katika sura ya 6 ya kitabu chake. Na Marko, katika sura ya kwanza, atuambia ya kuwa Bwana Yesu aliamka kungali giza akaenda mahali pasipo watu kusali, baada ya siku yenye kazi nyingi mno. Dakika kumi au kumi na tano zatosha kwa kuanza. Usiahidi saa nzima, usije ukaacha siku ya tatu.

Jambo la pili ni mahali. Chagua mahali pamoja, iwe pembe ya nyumba, au chini ya mti, au jiwe la nyuma ya zizi. Mwili wako utazoea, na ukikaa pale moyo utatulia upesi. Tena kitunze kitabu chako. Biblia ya Kiganda ilipokamilika mwaka 1896, palifanywa chapa nene na fupi ili iingie katika kopo la biskuti, isiliwe na mchwa na wadudu. Nasi tuna moshi, panya na mvua. Debe safi lenye kifuniko lafaa sana. Wengine siku hizi wana Biblia katika simu, nalo ni jambo jema. Lakini simu hiyo hiyo huleta habari za mpira na mazungumzo ya rafiki. Ukisomea simuni, yafunge hayo mengine kwanza. Usipoweza, shika kitabu.

Jambo la tatu ni fungu. Wengi huacha kusoma kwa sababu hufungua Biblia popote, leo Mambo ya Walawi, kesho Ufunuo, wasifahamu. Fungu lijulikane kabla ya siku kuanza. Katika mji wa Keswick, Uingereza, mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili, Annie Marston, aliwaandikia wasichana wake kwa mkono wake mwenyewe orodha ya mafungu ya kila siku. Kazi ilipomlemea aliomba orodha ipigwe chapa, na tarehe 1 Aprili 1879 ukaanza mpango wa Scripture Union, ambao umeenea katika nchi nyingi. Zamani zaidi, mwaka 1728, ndugu Wamoravian wa Herrnhut katika Ujerumani walianza kupelekeana neno moja kwa siku, nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 1731 maneno hayo hupigwa chapa kila mwaka. Watu wa kanisa hilo ndio walioanza kazi Rungwe mwaka 1891.

Usipokuwa na orodha, hesabu mwenyewe. Injili ya Marko ina sura 16. Kwa sura moja kila siku utaimaliza katika nusu ya mwezi. Mithali ina sura 31, karibu sawa na siku za mwezi. Zaburi ni 150, yaani miezi mitano. Agano Jipya lote lina sura 260. Ukisoma sura moja kila siku, siku tano katika juma, utalimaliza katika majuma 52, nao ni mwaka. Bandu bandu huisha gogo.

Soma polepole, na ikiwezekana kwa sauti. Ukimaliza, jiulize maswali matatu: Fungu hili laniambia nini juu ya Mungu? Laniambia nini juu yangu mimi? Leo nitatenda nini kwa sababu yake? Jibu la swali la tatu liwe dogo na dhahiri, kama kurudisha jembe la jirani au kumwomba mama radhi. Kisha geuza hayo yawe sala. Shukuru, ungama, uwaombee wengine kwa majina, ndipo uombe haja zako.

Wengine hutuuliza, "Tusali kwa lugha gani?" Kiswahili ni lugha ya kitabu chetu. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, ya Dr. Roehl mwaka 1937, na ile ya Union mwaka 1952. Watu walifanya kazi nyingi ili tupate kuisoma. Lakini katika kusali, sema kwa lugha ambayo moyo wako hulia nayo. Wazee wetu Wairaqw wana slufay, maombi ya baraka ambayo mzee huyatamka mbele ya watu nao humwitikia. Hawaoni haya kuomba kwa sauti, wala hawaombi kwa lugha ya kuazima. Kwa nini kijana aliyesoma aone haya?

Jambo la nne ni mwenzi. Moto wa kijinga kimoja huzimika upesi. Tafuta rafiki mmoja asomaye fungu lile lile, mkikutana njiani mwulizane, "Leo umeona nini?" Na ikiwa nyumbani yupo bibi au babu asiyejua kusoma, huyo ndiye mwenzi bora. Paulo anamkumbusha Timotheo imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Msomee bibi yako sura moja kila jioni. Wewe una macho ya kusoma, yeye ana miaka ya kufahamu. Tena kesho utakapotaka kulala bila kusoma, yeye atakuita.

Itatokea siku utakosa. Labda umekesha shambani kufukuza wanyama waliotoka msituni, au umeugua. Usifanye hesabu ya kulipa sura ulizoziacha, maana deni litakuzidi, nawe utaacha yote. Anza tena pale ulipofika. Wala usiogope ukiona kuna siku moyo ni mkavu. Mtu hali chakula kwa kuwa kila siku ni karamu. Hula ili aishi.

Neno moja kwa wazazi na walimu. Samaki mkunje angali mbichi, lakini asikunjwe hata akavunjika. Tusiwafanyie watoto kusoma Biblia kuwa adhabu, tukawaandikisha Zaburi kwa sababu walichelewa shuleni. Atakayepigwa kwa kitabu atakikimbia kitabu. Na tusiwaagize watoto neno ambalo wenyewe hatulitendi. Mtoto amwonaye baba yake amepiga magoti asubuhi, hahitaji hotuba ndefu.

Nasi je, baada ya usiku ule? Asubuhi yake tulifungua Injili ya Marko, tukasoma sura moja kabla ya kuwasha moto wa chai. Tumeshindwa mara nyingi tangu hapo, nasi tumeanza tena mara nyingi. Mzee yule alipona, akaishi miaka michache tena. Tulikuwa tukienda kwake jioni kumsomea, naye akiomba. Siku alipoitwa na Mungu, jamaa zake walituita tena, na safari ile tulijua mahali pa kufungua.

Vijana wetu, kila mmoja wenu ataitwa siku moja, kando ya kitanda cha mgonjwa, au katika chumba cha mjini penye majaribu, au katika huzuni yake mwenyewe. Siku hiyo hapatakuwa na mwalimu wala kengele. Basi chagueni leo saa yenu, mahali penu, fungu lenu na mwenzi wenu, na kesho, ng'ombe wakiisha kukamwa, mwanze.