Ramani ya Kimo: Kabla ya Kuchimba Mtaro, Ikaguliwe

Anayenunua ploti Gatongora, ambako mashamba ya kahawa yanageuka mitaa ya makazi, huenda akaonyeshwa ramani ya rangi inayotaja kimo cha kila sehemu. Inapendeza. Lakini vimo vingi ndani yake havikupimwa, kompyuta imevikadiria.

Kompyuta hupewa nukta chache zilizopimwa, kisha hujaza mapengo. Nukta mbili zikiwa kwenye migongo miwili ya ardhi, na bondeni hakuna hata moja, ramani itaonyesha tambarare mahali mto unapopita.

Chanzo kimoja kinachotumika sana ni vipimo vya rada vilivyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mnamo Februari 2000. Hutoa kimo kimoja kwa kila mita 30 hivi, na lengo lilikuwa kosa lisilozidi mita 16 kwa asilimia 90 ya nukta. Tena rada hiyo mara nyingi hurudishwa na vilele vya miti na mapaa kabla ya kufika kwenye udongo. Kwa kuchora milima, yatosha. Mtaro wenye mteremko wa asilimia 1, hata hivyo, hushuka sentimita 30 tu katika mita 30. Kosa la mita 2 laweza kuonyesha maji yakipanda.

Ndiyo maana mpimaji hurudi uwanjani, akapima nukta ambazo kompyuta haikupewa, kisha akalinganisha. Akitumia zilezile zilizounda ramani, ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani.

Tuseme nukta nne zina makosa ya mita 1, 1, 1 na 7. Wastani wa kawaida ni mita 2.5. Wapimaji huzidisha kila kosa kwa lenyewe, hutafuta wastani, kisha kipeuo chake cha pili: mita 3.6. Kosa kubwa halifichiki. Hata hivyo tarakimu hiyo haisemi ile 7 iko wapi, na ikiwa bondeni, ndiko maji yatakakoingia nyumbani.

Kuna na suala la mpaka. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitenga mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kwa kufuata kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichorekodiwa. Kimo kikikosewa, mstari huo husogea, na ploti ya mtu nayo huingia au hutoka.

Mradi wa mitaro au maji taka unapoletwa kwenye kikao cha maoni ya umma, mkazi aulize: nukta za ukaguzi ni ngapi, zilipimwa lini, na ngapi ziko bondeni?