Dereva Mwanagenzi Aione Hatari Kabla Haijamfikia

Vijana wanaojifunza udereva huko Nkoma, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, wanakumbushwa kwamba kushika usukani ni nusu tu ya elimu. Nusu ya pili ni kuisoma barabara. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ni ukomo wa mwendo katika maeneo ya makazi, hukata takriban mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo, angojaye kumwona mtu ndipo akanyage breki huwa amekwisha chelewa. Ng'ombe mmoja akivuka, wengine wanafuata, na nyuma yao huenda yumo mtoto mchungaji. Basi likisimama, abiria aweza kuchomoza mbele yake. Walimu wawatake wanafunzi wao kutaja kwa sauti kila dalili waionayo, na kupunguza mwendo papo hapo. Tahadhari kabla ya hatari.