Fomu ya Afya ya Mwanafunzi: Kila Mstari Una Sababu Yake

Mwanafunzi achaguliwapo kujiunga na shule ya sekondari ya bweni hupokea maelekezo ya kujiunga. Pamoja na orodha ya shuka, ndoo na madaftari, humo huwamo fomu ya uchunguzi wa afya, ambayo aghalabu hutakiwa ijazwe na mganga wa hospitali ya Serikali, atie sahihi na kupiga mhuri. Kwa mzazi aliyeko Kashai, mjini Bukoba, au katika vijiji vya Muleba, fomu hiyo yaweza kuonekana kuwa kikwazo kimoja zaidi kabla ya safari. Hapo ndipo kishawishi huingia: neno "kawaida" huandikwa katika kila mstari bila tone la damu kuchukuliwa. Makala haya yanakusudia kueleza kila kipimo hutafuta nini, na ni hasara gani hupatikana kisipofanywa.

Damu

Kipimo cha kwanza ni wingi wa hemoglobini, yaani protini yenye chuma iliyomo katika chembe nyekundu za damu, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka 12 hadi 14 huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 katika desilita moja; kwa mvulana wa miaka 15 na zaidi kiwango ni gramu 13. Malaria huharibu chembe nyekundu, na minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Mwanafunzi wa namna hiyo huchoka upesi na kusinzia darasani, naye huitwa mvivu ilhali ni mgonjwa.

Mstari wa pili wahusu selimundu, ugonjwa wa kurithi. Oksijeni ipunguapo, hemoglobini ya mgonjwa hushikamana, na chembe hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu yake ni makali mno, na huweza kuchochewa na baridi, ukosefu wa maji mwilini au uchovu mwingi. Mwalimu wa zamu aliyekwisha kusoma fomu hatampeleka mtoto huyo mchakamchaka alfajiri ya baridi. Asiyejua atampeleka, tena huenda akamwadhibu kwa kubaki nyuma.

Yafaa ikumbukwe kwamba baadhi ya vipimo vya haraka huonyesha tu kuwa hemoglobini ya selimundu imo. Vipimo hivyo havitofautishi aliyerithi kwa wazazi wote wawili, ambaye ni mgonjwa, na aliyerithi kwa mzazi mmoja, ambaye kwa kawaida huishi bila dalili. Ili kuwatofautisha, damu hupelekwa katika maabara yenye uwezo wa kutenganisha aina za hemoglobini, kwa mfano kwa nguvu ya umeme.

Choo na mkojo

Katika mkojo mpimaji hutafuta sukari, protini, na dalili za maradhi ya figo na kibofu. Lakini kwa wakazi wa pwani ya Ziwa Viktoria mkojo peke yake hautoshi. Kichocho kienezwacho kandokando ya ziwa hili ni hasa kile cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka pamoja na choo kikubwa. Mtoto aliyezoea kuoga na kuchota maji ziwani aweza kutoa mkojo safi kabisa huku ini lake likidhurika. Tena mayai hayatoki kwa wingi ule ule kila siku, hivyo sampuli moja yaweza kukosa kuyaonyesha. Dawa ya prazikwanteli ipo, na huponya, ila sharti ugonjwa ujulikane.

Macho

Ubao wa herufi za kupimia macho ulitungwa na Herman Snellen, mganga wa Uholanzi, mwaka 1862. Mtu husimama umbali wa meta 6. Asomaye mstari wa kawaida huandikiwa 6/6. Asomaye kwa meta 6 kile ambacho wengine hukisoma kwa meta 12 huandikiwa 6/12. Mara nyingi miwani, au hata kuhamishiwa dawati la mbele, hubadili matokeo ya masomo.

Kifua na chanjo

Bwenini vitanda hukaribiana, na viini vya kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mwanafunzi mmoja mwenye kikohozi kisichochunguzwa aweza kuambukiza wenzake. Kwa sababu hiyo kadi ya kliniki ya utotoni, yenye tarehe za chanjo za kifua kikuu, polio, pepopunda na surua, haifai kutupwa mtoto aanzapo darasa la kwanza.

Siri ya mgonjwa

Yaliyomo katika fomu ni mali ya mwanafunzi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Fomu hukaa kabatini chini ya kufuli, nao wanaoisoma wawe wale tu wenye wajibu wa kumtunza mtoto. Lengo lake ni matunzo. Mzazi akihofu kwamba ugonjwa ukitajwa mtoto atachekwa au kukataliwa, ataficha. Naye akificha, fomu haina faida tena.

Zoezi kwa darasa

Herufi ya mstari wa 6/6 hufanya pembe ya dakika 5 jichoni, kwa umbali wa meta 6. Kokotoeni urefu wake. Mtapata milimita 8.7 hivi. Chorueni herufi za kipimo hicho kwa wino mweusi, pimeni meta 6 sakafuni, kisha mjaribu jicho moja moja. Atakayeshindwa asichekwe, bali apelekwe hospitali.