Upatu Wetu Umechafuliwa Jina

Kila inapozuka kashfa ya watu kutapeliwa fedha nchini mwetu, magazeti na maofisa wa serikali huwa na neno moja mdomoni: upatu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2009 wakati wa sakata la DECI, na ndivyo inavyokuwa hadi leo. Wanasema watu wamecheza upatu, viongozi wa upatu wamekamatwa, wananchi wajihadhari na upatu.

Mama msomaji, mimi neno hilo linaniudhi. Upatu ni jambo la heshima. Umesomesha watoto, umeezeka nyumba kwa mabati, umenunua cherehani na masufuria ya harusi. Kuwaita matapeli wacheza upatu ni kumvika mwizi kanga ya mama mwaminifu. Ubaya wake hauishii kwenye jina. Mama anapozoea kusikia kwamba vitu hivi viwili ni kimoja, siku mtapeli akimjia na kusema, "Huu ni upatu tu kama ule wenu, ila wetu una faida," hana tena jicho la kuvitofautisha.

Hebu tuutazame upatu wenyewe. Akina mama kumi wanakubaliana kutoa shilingi 20,000 kila wiki. Wanapiga kura kujua nani ataanza na nani atafuata. Kila wiki mmoja anapokea 200,000. Baada ya wiki kumi kila mama ametoa 200,000 na kila mama amepokea 200,000. Hakuna aliyepata hata senti moja ya ziada. Aliyepokea wa kwanza amepata mkopo usio na riba, na wa mwisho amejiwekea akiba bila kupanga foleni benki. Wengine huuita mchezo, wengine kibati, na jirani zetu wa Kenya huuita meri-go-raundi. Jina lolote utakaloliita, hesabu ni hiyo hiyo: kilichoingia ndicho kilichotoka.

Sisemi upatu hauna kasoro. Yupo anayepokea wa kwanza kisha anaanza kupiga chenga wiki ya nne. Yupo kijumbe anayekusanya fedha za wenzake kisha anahama mtaa usiku. Lakini hasara hiyo ina mpaka. Unajua ni nani aliyekula fedha yako, unajua kwao, na pengine mnaimba naye kwaya. Aibu peke yake huwarudisha wengi.

Sasa tuitazame DECI. Ofisi yake ilikuwa Mabibo, Dar es Salaam, na baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji. Mwanachama hakuambiwa kwamba anaweka amana au ananunua hisa. Aliambiwa "anapanda" mbegu, na baada ya muda "atavuna" kiasi kikubwa kuliko alichopanda. Watu walipanda kwa maelfu, mijini hata mikoani. Wa kwanza walivuna kweli, na hapo ndipo penye mtego. Aliyevuna hakuhitaji kulipwa ili atangaze. Alitangaza mwenyewe sokoni, kisimani na kwenye ibada ya jumuiya, kwa moyo safi kabisa. Wapo waliokopa ili wapande. Serikali ilipoingia kati mwaka 2009 na kusimamisha shughuli zile, waliobaki na karatasi za kupandia mikononi walikuwa wengi, na wengi wao waliilaumu serikali kwamba imewaharibia mavuno. Viongozi walifikishwa Mahakama ya Kisutu, na mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani.

Je, serikali ndiyo iliyoharibu mavuno? La hasha. Mavuno hayakuwapo. Tuchukue kalamu na karatasi.

Tuseme mama mmoja ametoa shilingi 100,000 na ameahidiwa 200,000. Fedha yake haikupelekwa shambani wala kiwandani. Imekwisha kumlipa aliyemtangulia. Ili yeye alipwe, lazima waje watu wawili wapya. Wawili hao nao wanataka maradufu, kwa hiyo lazima waje wanne, kisha wanane, kisha kumi na sita. Hatua ya kumi inahitaji watu 1,024. Pengine kata moja itawatosha. Hatua ya ishirini inahitaji watu 1,048,576. Hatua ya ishirini na sita inahitaji watu 67,108,864, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120 pamoja na vichanga. Kama kila hatua ni mwezi mmoja, basi miaka miwili na miezi miwili inatosha kuimaliza nchi nzima, hata kama hakuna kiongozi aliyeiba na hata kama serikali imelala usingizi.

Jambo la pili katika hesabu hiyo ndilo linalonitia uchungu zaidi. Siku yoyote mchezo huo utakaposimama, walio mstari wa mwisho ni wengi kuliko wote waliowatangulia wakijumlishwa pamoja. Kwa hiyo yule aliyevuna mapema, akanunua friji na kumshukuru Mungu kanisani, alilipwa na nani? Alilipwa na jirani yake aliyekuja nyuma. Hapakuwa na muujiza wowote.

Ujanja huu si wa kwetu wala si mpya. Mwaka 1920 mjini Boston, Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai anaipata katika biashara ya kuponi za posta. Akaishia gerezani, na jina lake likabaki kuwa jina la utapeli wa aina hiyo. Kule Albania mwaka 1997 michezo ya piramidi ilianguka kwa mpigo. Wananchi walivunja maghala ya silaha, na watu wapatao 2,000 waliuawa katika vurugu zile. Hata hapo Kenya, makampuni ya aina hii yalianguka moja baada ya jingine kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, na jopo lililoundwa na serikali lilikuta kwamba wananchi walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya.

Lugha ya Madhabahuni

Basi kwa nini akina mama wa kanisani, ambao sokoni hawapunjwi hata nyanya moja, walinaswa? Nadhani jibu liko katika lile neno "kupanda". Tumelisikia madhabahuni mara nyingi mno. Mhubiri anasema toa mbegu yako, na Bwana atakuzidishia. Masikio yakishazoea hivyo, anayekuja na fomu ya kupandia anakuta shamba limekwisha kulimwa. Hana haja ya kueleza fedha inafanya kazi gani, maana anayeuliza ataonekana hana imani.

Tusome vizuri maneno ya Paulo ambayo wengi huyategemea. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya nane na ya tisa, mtume anazungumza juu ya mchango wa ndugu maskini wa Yerusalemu. Watu wale walikuwa wanatoa ili wenye njaa wapate kula. Hakuna mahali alipowaambia warudi baada ya miezi mitatu kuchukua maradufu. Na tazama jinsi Paulo mwenyewe alivyojihadhari na fedha ile. Anasema wazi kwamba hataki mtu awe na sababu ya kumlaumu kuhusu mchango, kwa hiyo anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili wanaoaminiwa na makanisa. Kama mtume hakutaka kushika fedha za watu bila mashahidi, mchungaji wa leo anayekasirika akiulizwa hesabu amejifunza kwa nani?

Kwa maoni yangu, makanisa yetu hayajalisema jambo hili inavyotosha. Tulisikia mahubiri mengi juu ya kutoa. Juu ya DECI wengi walinyamaza, labda kwa aibu, kwa kuwa wachungaji nao walikuwa wamepanda. Semina ya akina mama isiwe ya mapambo na mapishi tu. Siku moja tuchukue ubao na chaki, tupige ile hesabu ya moja, mbili, nne, nane.

Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Lipo jambo jingine linalofanana na upatu, nalo limewasaidia akina mama wengi: vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo kwetu tunaviita VICOBA. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, wakati shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini huko, kisha ukaenea nchi nyingi za Afrika mpaka ukatufikia. Humo mna faida, na ni haki uulize inatoka wapi. Jibu ni rahisi: inatoka kwa wanachama wenyewe. Mama anakopa mtaji wa kuuza samaki, anarejesha na nyongeza kidogo, na mwisho wa mzunguko nyongeza hizo wanagawana kwa kadiri ya hisa za kila mmoja. Ni faida ndogo, na inakuja polepole. Nani amepata kuona samaki wa kukaanga wakizaa maradufu kwa wiki sita?

Kinachonifurahisha zaidi ni lile sanduku la fedha. Lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, wala anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi ila mbele ya kikao, na fedha huhesabiwa kwa sauti kila mtu akisikia. Tito na wale ndugu wawili wangekubali utaratibu huo.

Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na kazi hiyo hufanyika kupitia halmashauri zetu. Akina mama wengi hunung'unika kwamba ni usumbufu wa karatasi, na sitakataa kwamba ofisi zetu zinajua kuwazungusha watu. Hata hivyo nendeni mkasajili. Kikundi chenye cheti kikipatwa na mgogoro kina mahali pa kushtaki.

Sasa Wanakuja kwa Simu

Zamani mtapeli alihitaji ofisi, viti na mtu wa kugonga mihuri. Siku hizi anahitaji simu tu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 polisi katika mikoa kadhaa walikamata watu waliohusishwa na LBL, mchezo wa mtandaoni ambamo mtu alilipia kujiunga, kisha akaahidiwa malipo kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu yake na kwa kuwaleta wengine. Tujiulize kama wazazi: ni tajiri gani anayemlipa mtu kwa kukaa kitandani akitazama matangazo, na kabla ya hapo akamdai kiingilio?

Hapo ndipo ushauri wangu ulipo, nao ni swali moja tu. Atakayekuletea mpango wa fedha, awe dada yako, mama mkwe au mzee wa kanisa, muulize: "Fedha hii ya ziada inalipwa na nani?" Akisema inatoka kwa wateja wanaonunua kitu, omba kukiona hicho kitu. Akisema inatoka kwa riba, uliza nani anakopa na anarejesha kwa wakati gani. Akisema inatokana na watu wapya wanaojiunga, mpe chai, msindikize mpaka barabarani. Na akisema ameidhinishwa na serikali, Benki Kuu ya Tanzania ina orodha ya taasisi zenye leseni katika tovuti yake. Mwombe kijana wako akufungulie uisome mwenyewe. Cheti cha kusajili kampuni si leseni ya kupokea amana za watu. Wengi wametapeliwa kwa kuonyeshwa karatasi hiyo ya kwanza ikiwa na muhuri mzuri.

Akina mama, kuna jambo tunalolisema kwa kunong'ona, nami nitalisema kwa sauti. Fedha nyingi zilizopotea katika michezo hii ziliwekwa kwa siri. Mke alitaka kumshangaza mume kwa mavuno. Mume naye, huko kazini kwake, alikuwa amepanda fedha ya ada bila kumwambia mke. Mchezo ulipoanguka, nyumba zilipata hasara mbili: fedha ilipotea, na kila mmoja akagundua kwamba mwenzake alikuwa anamficha. Ya fedha huisha kwa miaka michache ya kujibana. Ile ya pili huchukua muda mrefu zaidi. Mpango ambao unaona haya kumweleza mume wako mezani una kasoro, na mara nyingi umekwisha kuijua kasoro hiyo, ila hutaki kuitaja.

Na kama tayari umeingia, je? Usiongeze hata shilingi moja ili "kufungua" fedha iliyozuiwa. Huo ni mtego wa pili kwa mtu yule yule. Tunza ujumbe na stakabadhi zote za miamala ya simu, nenda polisi, na umweleze mwenzi wako usiku huo huo, hata kama maneno yatakuwa makali. Kisha wapigie simu wale uliowaalika wewe, mmoja mmoja, uwaambie wasimame hapo walipo, kabla nao hawajawaalika wengine.