Sura ya Nne: Yasmini Anavuka Daraja

Wahenga walituachia methali mbili ambazo haziivi chungu kimoja. Ya kwanza yasema mwenye njaa hana miiko: tumbo likilia, mengine yote hungoja. Ya pili yajibu kuwa heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Mwaka 1943 mwanasaikolojia wa Marekani, Abraham Maslow, alichapisha makala iliyoegemea zaidi ile ya kwanza. Alisema mahitaji ya binadamu yamepangana. Chini kabisa ni ya mwili: chakula, maji, usingizi. Juu yake ni usalama, kisha kupenda na kupendwa, kisha heshima. Kileleni ni haja ya mtu kuwa kile ambacho vipaji vyake vinamdai awe. Haja ya chini ikitulizwa kwa kiasi, ya juu huanza kubisha hodi.

Kwa mtazamaji wa filamu, nadharia hii inatoa swali jepesi kushika: mhusika huyu amekosa nini? Tulijaribu swali hilo Unguja, kwa *Vuta N'kuvute*, filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Hadithi yake ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza.

Yasmini ni binti wa Kihindi aliyeozwa na wakubwa wake kwa Bwana Raza, mfanyabiashara anayemzidi umri kwa mbali. Tukimpima kwa ngazi mbili za chini za Maslow, hana shida: anakula, anavaa, analala chini ya paa imara. Hata hivyo anakimbia. Katika riwaya, ndugu zake mwenyewe wanamfungia mlango, na anayemfungulia ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa daraja kutoka Mji Mkongwe, mwanamke asiye na mali ila ana nafasi moyoni na chumbani. Yasmini ameziacha ngazi mbili za chini ili aipate ya tatu.

Na Bwana Raza? Ni rahisi kumwita mwovu tukamaliza. Lakini naye ana haja, na ni ileile ya Yasmini: anataka kupendwa. Kosa lake ni kudhani kwamba kwa kuwa ameweza kununua ngazi ya kwanza na ya pili, duka lake litamnunulia na ya tatu. Ndoa yao inavunjika kwa sababu mmoja analipa kwa sarafu ambayo mwenzake haipokei.

Denge anatutatiza zaidi. Ni kijana anayepigania uhuru, na anajua kuwa siasa yake inaweza kumtia gerezani. Usalama kwake si ngazi ya kukanyagia. Ni kitu cha kutoa. Tena anachokitafuta si kipaji chake peke yake, bali heshima ya watu wote wa kisiwa.

Je, Yasmini na Denge wamemwangusha Maslow? Hapana. Katika makala ileile ya 1943 alikiri kwamba mpangilio haukukazwa kwa misumari, na kwamba kuna watu watakaoacha kila kitu kwa ajili ya imani yao. Hata ile piramidi maarufu ya vitabuni hakuichora yeye. Waliomfuata ndio walioichora, na mistari yake minyoofu imewafanya wengi wasahau maneno yake ya tahadhari.

Jina la hadithi hii linaeleza vizuri kuliko mchoro huo. Haja hazikwei moja juu ya nyingine kwa zamu; zinamshika mtu mmoja huku na huku, zikavutana. Pale zinapovutana sana ndipo tamthilia inapozaliwa. Mhusika mwenye haja moja tu hutabirika tangu dakika ya kumi.

Kwa hiyo swali la kwanza, amekosa nini, liongezewe la pili: yuko tayari kupoteza nini? La kwanza hutupa njaa ya mhusika, la pili hutupa miiko yake.

Leo mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo umefukiwa, na daraja limebaki katika jina la Darajani tu. Mtu hutoka sokoni na kikapu chake akavuka asijue kuwa amevuka. Yasmini alijua, kwani alipovuka aliacha nyuma kila kitu ambacho ngazi za chini ziliweza kumpa.