Kwa nini tunaambiwa tusisimame mlangoni mwa feri

Kila anayevuka Likoni ameisikia sauti ile ya kipaza sauti: abiria sogeeni ndani, msisimame mlangoni. Wengi wetu hatusogei. Tunataka kuwa wa kwanza kushuka, tuwahi matatu ng'ambo ya pili. Wengine husema ni usumbufu tu wa mabaharia. La, iko sababu, na si ngumu kuielewa.

Feri zetu zina mlango kila upande, ili gari liingie huku na kutokea kule bila kugeuza. Ndiyo maana hupakia na kushusha kwa haraka. Lakini mlango huo huo ndio kizuizi baina ya gari la mwisho na bahari. Usipoinuliwa sawasawa, kinachobakia ni breki za dereva. Septemba 29, 2019, gari lililokuwa ndani ya MV Harambee lilirudi nyuma likatumbukia katikati ya mkondo, ndani yake mna mama na binti yake. Lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha zaidi ya mita 50. Siku zote hizo sisi tuliendelea kuvuka hapo hapo.

Jambo la pili ni uzani. Aliyepanda mtumbwi anajua: wote wakisimama na kuegemea upande mmoja, chombo huinama, maji yakaanza kuingia. Feri ni kubwa, lakini kanuni ni ile ile. Watu wakijazana mahali pamoja, chombo hulalia huko; kikishalala, waliosimama huteleza kuelekea upande huo huo na kukizidishia mzigo. Aprili 29, 1994, feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka Mtongwe, watu 272 wakafa. Haikuwa mbali na nchi kavu. Wapo wazee wetu ambao mpaka leo hawapendi kuizungumzia siku ile.

Basi tufanyeje? Dereva azime injini, avute breki ya mkono, aache gari kwenye gia, na afungue vioo ili likitokea la kutokea, watu wapate pa kutokea. Mwenye mkokoteni azuie gurudumu kwa jiwe au gogo. Sisi wa miguu tusogee ndani, tujitandaze pande zote, na tujue majaketi ya kuokolea maisha yako wapi kabla ya kuyahitaji.

Lakini lawama zote zisimwangukie abiria. Mlango uinuliwe kila safari, hata saa za msongamano. Idadi ikitimia, geti lifungwe, hata tukipiga kelele. Majaketi yawe mahali mtu anapoyafikia. Husikika mtu akisema: tunavuka bure, tudai nini? Hapana. Magari yanalipa, na kodi tunatoa sote. Na hata kama ni bure, uhai wa mtu haupungui thamani kwa kuwa hakukata tikiti.

Daraja kubwa la Likoni tumeahidiwa kwa miaka mingi. Mpaka lijengwe, mwenye kwenda kazini, skuli ama hospitalini atapita majini. Kusogea hatua kumi ndani kutakuchelewesha dakika mbili. Matatu itakayokuacha, nyuma yake iko nyingine.