Mchezaji Nyota: Aongezewe Mkataba au Aagwe?

KILA msimu wa usajili unapowadia, mazungumzo ya barazani, Unguja na Pemba, huwa ni mamoja: fulani anabaki au anaondoka? Wapo washabiki wasiopata usingizi mpaka wasikie kwamba nyota wao ametia saini, na wapo viongozi wa klabu walio tayari kukopa ili mradi washangiliwe siku moja. Hatuoni kuwa jambo hili ni dogo mno kwa safu hii. Kandanda leo ni kazi inayowalisha vijana wetu, na palipo na kazi pana mkataba, na palipo na mkataba pana haki na wajibu.

Swali lenyewe ni hili: mkataba wa mchezaji bora unapokaribia kwisha, klabu imwongezee kwa gharama yoyote, au imuage kwa heshima? Kabla hatujatoa rai yetu, yafaa tuyapime yaliyotokea mbele ya macho yetu.

Mwaka 2021 klabu ya Simba, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo, iliwauza nyota wake wawili: Clatous Chama alikwenda RS Berkane ya Morocco, na Luis Miquissone alikwenda Al Ahly ya Misri. Oktoba mwaka huo huo Simba ilishinda mabao 2-0 ugenini dhidi ya Jwaneng Galaxy ya Botswana, kisha ikafungwa 3-1 nyumbani na kutolewa katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Kelele zikawa nyingi, na Januari 2022 Chama akarejeshwa. Je, kurejea kwake kulimaliza tatizo? Simba ilifika tena robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2023, na katika hilo Chama anastahili sifa. Lakini ubingwa wa ligi ulikwenda kwa Yanga mwaka 2022, 2023 na 2024, na mwaka huo wa 2024 Chama mwenyewe akavuka kwenda Yanga. Msimu uliofuata, Simba bila yeye, na kikosi kilichosukwa upya, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Berkane ile ile. Na mchezo wa marudiano, Mei 2025, ulichezwa hapa kwetu katika uwanja wa Amaan. Kombe lilikwenda Morocco, lakini somo lilibaki: nyota mmoja hajengi nyumba peke yake.

Upande wa pili tunalo shauri la kijana wetu, Feisal Salum, aliyetoka JKU ya Unguja na kujiunga na Yanga mwaka 2018. Desemba 2022 aliiaga klabu yake ilhali mkataba ungali hai. Kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania ikaamua Januari 2023 kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, mpira haumgusi mguuni, mpaka Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipowataka viongozi wa Yanga walimalize jambo hilo, naye akahamia Azam kwa makubaliano ya klabu mbili.

Nani alipata na nani alikosa? Yanga, bila Feisal, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa na kuingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Azam ilipata mchezaji aliyefunga mabao 19 ya ligi katika msimu wa 2023/24, ikamaliza nafasi ya pili. Aliyepoteza nusu msimu wa ujana wake ni kijana mwenyewe. Maguu ya mchezaji ni kama embe bivu: hayangoji kesi imalizike.

Linganisha na Stephane Aziz Ki. Mwaka 2024, baada ya kufunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora, mkataba wake Yanga ulikuwa ukingoni. Klabu ilizungumza naye, ikaelewana naye, naye akabaki. Alipohamia Wydad ya Casablanca mwaka 2025, aliondoka akiwa na mkataba hai, na hapakuwa na uhasama. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyoagana.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mchezaji aliyeitumikia klabu yake kwa moyo aongezewe mkataba. Mcheza kwao hutunzwa, na klabu isiyojua kushukuru haitapata wa kuitumikia. Lakini yapo masharti matatu yasiyokwepeka. Kwanza, mazungumzo yaanze mwaka mzima kabla, maana kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kutia saini kwingine pindi mkataba wake unapobakiza miezi sita. Kiongozi anayengoja mwezi wa mwisho hajadiliani tena, anaomba. Pili, mshahara wa nyota usiwe ndio sababu ya beki na mlinda mlango kukaa miezi bila malipo. Mabao hufungwa na mmoja, lakini ushindi huletwa na kumi na mmoja. Tatu, asiyetaka kubaki asishikwe kwa ugomvi, wala asivunje ahadi kwa ubabe. Ahadi ni deni. Hilo tulifunzwa chuoni kabla hatujajua kuandika majina yetu, nalo linaifunga klabu kama linavyomfunga mchezaji.

Sasa tuseme na wakubwa wetu wa Visiwani. Kila mwaka vijana wetu huvuka bahari kwenda kucheza Bara na kwingineko, na hilo si baya. Kila mtu ana haki ya kutafuta riziki. Ubaya ni kijana wa miaka kumi na tisa kutia saini karatasi ambayo hakuisoma, mbele ya wakala asiyemjua. Baraza la Taifa la Michezo na Shirikisho la Soka Zanzibar wanaweza kuhakikisha kwamba kila mkataba umeelezwa kwa Kiswahili fasaha, kwamba mwanasheria ameupitia, na kwamba nakala yake inabaki kwa mchezaji na kwa wazazi wake.

Jambo jingine ni kumbukumbu. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya fedha za uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na CAF iliyotupokea Machi 2017 ilitutoa Julai mwaka huo huo. Aliye nje ya mlango hana budi kuwa na hati safi kuliko aliye ndani. Klabu isiyo na daftari la vijana wake, mwaka walioingia na mwaka waliotoka, itathibitisha kwa nini kwamba iliwalea?

Tumeufanyia uwanja wa Amaan ukarabati mkubwa, ukafunguliwa upya Desemba 2023, na kila anayeuona anausifu. Uwanja mzuri ni neema, lakini unaochezwa humo ni mpira wa watu, na watu hao wana familia. Viongozi wa klabu wafungue makabati yao leo, waitazame mikataba inayokwisha mwakani, na wawaite vijana wao wazungumze nao ingali mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.